Gadenia ya Chunguni: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Gadenia inayouzwa kwenye bustani za miche kando ya barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huwa na majani yanayong'aa na matumba kadhaa yaliyokaribia kufunguka, na ikiwa katika hali hiyo ni vigumu kuipita. Miezi michache baadaye malalamiko huwa yale yale: majani yanageuka manjano, matumba yanadondoka kabla ya kuchanua, au mmea umekaa tu bila ua hata moja. Kinachofuata mara nyingi ni mbolea zaidi, maji zaidi, au dawa ya wadudu inayopuliziwa ilhali hakuna mdudu aliyeonekana, na mmea uliokuwa na tatizo moja hupata la pili.

Mmea unaozungumziwa hapa ni Gardenia jasminoides, ambao asili yake ni kusini mwa China, Taiwan, Japani na nchi za jirani. Ni wa familia moja na kahawa, nao hustawi kwenye udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali, ambacho namba yake hushuka tindikali inapozidi) ikiwa kati ya 5 na 6.5 hivi, na huhitaji usiku wenye ubaridi kiasi ili ufanye matumba. Ukiyajua hayo mawili, utaelewa kwa nini Pwani unasumbua: huku udongo wa sehemu nyingi umetokana na matumbawe, ambayo ni chokaa, maji ya visima ni magumu au yana chumvi, na usiku wa kaskazi haupoi. Kwa hiyo maswali ya kwanza yawe maji yanatoka wapi, udongo ulitoka wapi, na huu ni mwezi gani. Swali la dawa lije baadaye, na mara nyingi halitahitajika.

Majani kugeuka manjano

Manjano si dalili moja. Tazama ni majani yapi yaliyoathirika na rangi imeanzia sehemu gani ya jani, kwa sababu mmea unaweza kuhamisha baadhi ya virutubisho kutoka kwenye majani mazee na kuvipeleka kwenye machanga, lakini vingine hauwezi kuvihamisha.

Ikiwa majani machanga ya nchani ndiyo yaliyo manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Hali ikizidi, jani jipya hutoka likiwa karibu jeupe na kingo zake hukauka. Hii haina maana kwamba udongo hauna chuma. Kwa kawaida kimo cha kutosha, ila pH imepanda na kukifanya kisiyeyuke, na mizizi haiwezi kufyonza kisichoyeyuka. Ndiyo sababu misumari yenye kutu ambayo watu huifukia chunguni haisaidii kitu: kutu yenyewe ni chuma kisichoyeyuka.

Chanzo cha pH kupanda kitafutwe sehemu tatu. Kwanza ni maji. Kama birika la nyumbani lina ukoko mweupe ndani, maji hayo hayo yanaongeza chokaa chunguni kila unapomwagilia, na udongo uliokuwa mzuri siku ya kununua mmea huharibika polepole bila mtu kutambua. Pili ni mchanga na kokoto. Mchanga mweupe wa ufukweni, pamoja na udongo wa maeneo yenye mwamba wa matumbawe kama sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja na kisiwa cha Mombasa, hubeba chokaa nyingi. Kipimo chake ni rahisi: weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kisahani na udondoshee siki, ukitoa povu, usiutie kwenye chungu cha gadenia. Tatu, jambo ambalo wengi hawalifikirii, ni chungu chenyewe. Vyungu vya saruji ni vizuri kwa macho na bei yake ni nafuu, lakini saruji mpya hutoa chokaa kwa muda mrefu. Kiloweke kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, au, bora zaidi, weka gadenia kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini kisha uitumbukize ndani ya chungu hicho.

Tiba huanza na maji. Maji ya mvua hayana chokaa, na pipa moja la lita 200 lililojaa wakati wa masika linatosha kumwagilia gadenia inayotumia lita moja kwa siku kwa zaidi ya miezi sita, mradi lifunikwe vizuri ili mbu wasizaliane. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo yanafaa, kwa kuwa ni mvuke uliopoa na hayana madini. Kinga ndoo chini ya bomba lake la nje. Kwa kuwa maji ya namna hii hayaleti kirutubisho chochote, mbolea kidogo ya mara kwa mara inakuwa ya lazima.

Wakati udongo unarekebishwa, majani yanaweza kusaidiwa kwa mbolea ya chuma ya aina ya cheleti, ambayo chuma chake kimefungwa ili kisigeuke kuwa kutu udongoni. Soma lebo kabla ya kulipa. Iliyoandikwa EDTA hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali tu na hupoteza nguvu pH inapopita 6.5 hivi, wakati EDDHA huendelea kufanya kazi hata kwenye udongo wenye chokaa. Kwa mkazi wa Pwani anayemimina mbolea udongoni, ya pili ndiyo yenye thamani ya fedha yake. Majani mapya yatakayotoka yatakuwa kijani. Yale yaliyokwisha kuwa meupe huenda yasirudi vizuri, na hayo yasikukatishe tamaa.

Kushusha pH yenyewe kunahitaji subira. Unga wa salfa, ule ule ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huutumia dhidi ya ubwiri unga, hugeuzwa polepole na bakteria wa udongoni kuwa tindikali. Kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha lita 20, kikitawanywa juu na kuchanganywa na udongo wa juu, kinatosha, na kisirudiwe kabla ya miezi miwili. Kwa mbolea ya nitrojeni chagua SA (salfeti ya amonia), ambayo huongeza tindikali kadiri inavyotumika, badala ya CAN (naitreti ya kalsiamu na amonia) ambayo ina kalsiamu ndani yake. Kijiko kimoja cha chai katika lita tano za maji, mara moja kila baada ya wiki tatu wakati mmea unachipua, ni kiasi kinachotosha. Masimbi ya kahawa yaliyokwisha kuchemshwa yana sifa kubwa kuliko kazi yake, kwa sababu sehemu kubwa ya tindikali imekwisha kutoka na kuingia kikombeni. Siki iliyozimuliwa hushusha pH ya maji kwa kweli, lakini athari yake udongoni haidumu, na mkono ukizidi huunguza mizizi.

Kwa wakazi wa Nairobi, Limuru na miji mingine ya nyanda za juu, manjano ya nchani yanayotokea Juni hadi Agosti huenda yasitokane na chokaa hata kidogo. Udongo ukiwa baridi mno, mizizi ya gadenia hushindwa kufyonza chuma hata kikiwepo. Sogeza chungu mahali panapopata jua la mchana, kiinue kutoka kwenye sakafu ya saruji, punguza maji, na usubiri joto lirudi kabla ya kununua chochote.

Majani mazee ya chini yakiwa manjano kwa usawa, jani zima, sababu mbili ndizo za kufikiriwa. Yakiwa machache, ya ndani ya kichaka, na hasa chipukizi mpya zikiwa zimeanza kutoka, mmea unapukutisha tu majani yaliyomaliza muda wake. Yakiwa mengi na mmea mzima umepauka, nitrojeni imepungua, na SA kwa kipimo kilichotajwa itaonyesha matokeo ndani ya wiki chache. Manjano ya majani mazee yanayoanzia kingoni na kati ya mishipa, huku sehemu ya karibu na kikonyo ikibaki na pembetatu ya kijani, ni dalili ya kukosa magnesi. Chumvi ya Epsom inayouzwa katika maduka ya dawa, kijiko kimoja cha chai katika lita mbili za maji, huirudisha.

Yapo pia manjano ya mmea wote kwa pamoja, mazee na machanga, yakifuatana na kudondoka kwa wingi. Hapo usiongeze mbolea ya aina yoyote mpaka umeiona mizizi.

Kunyauka ilhali udongo una maji

Hii ndiyo dalili inayoua gadenia nyingi kuliko nyingine, kwa sababu inamshawishi mtu kufanya kinyume cha kinachotakiwa. Majani yamelegea, mtu anamwagilia. Kesho yamelegea zaidi, anamwagilia tena. Kumbe mizizi imekwisha kuoza na haiwezi kupandisha maji hata chungu kikielea.

Kabla ya kumwagilia, choma kijiti cha mishikaki hadi chini ya chungu na ukiache kwa dakika chache. Kikitoka na udongo ulioshikamana na unyevu, mmea hauna kiu. Pindua chungu, utoe donge la udongo, uangalie. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ni migumu ukiibonyeza. Iliyooza ni ya kahawia iliyoiva, laini, ganda lake huvuka ukilivuta na kubaki kama uzi, na mara nyingi hutoa harufu ya tope lililovunda. Vimelea vya jamii ya Phytophthora na Pythium ndivyo vinavyomaliza kazi, lakini aliyewafungulia mlango ni maji yasiyotoka: tundu la chini lililozibwa na kokoto au mizizi, kisahani kinachoachwa kimejaa, chungu cha mapambo kisicho na tundu, au mche mdogo uliopandwa kwenye chungu kikubwa mno ambacho udongo wake haukauki.

Kata mizizi yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, punguza matawi kwa theluthi hivi ili mizizi iliyobaki isielemewe, na upande upya kwenye chungu kinachotoshana na mizizi hiyo, hata kama ni kidogo kuliko cha awali. Uweke kivulini, umwagilie kidogo, usitie mbolea kwa angalau mwezi mmoja. Kama zaidi ya nusu ya mizizi imekwenda, uwezekano wa kupona ni mdogo, na ni busara kukata vipandikizi kutoka kwenye matawi ambayo bado ni mazima kabla hayajanyauka.

Mizizi yenye vinundu vinundu kama shanga zilizofungwa kwenye uzi ina minyoofundo. Hawa huja na udongo wa bustani, hasa uliokuwa na nyanya au bamia, na dalili za juu hufanana na za njaa: mmea umedumaa, umepauka, unanyauka saa sita na kurudi jioni. Chunguni hakuna tiba ya nyumbani ninayoweza kuipendekeza. Chukua vipandikizi vya matawi ya juu, ambayo minyoo haikai, kisha tupa mmea na udongo wake mbali na mboga. Katika baadhi ya nchi gadenia hubebeshwa, yaani tawi lake huunganishwa, juu ya shina la Gardenia thunbergia, jamaa yake wa kusini mwa Afrika, kwa sababu mizizi ya huyo huhimili minyoo hiyo. Ukiuziwa mmea uliobebeshwa, ondoa machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, kwani si gadenia uliyoinunua.

Mizizi ikiwa mizima na bado tawi moja au shina zima linanyauka, chunguza shina karibu na udongo. Uvimbe mkavu wenye nyufa na ganda lililokwaruka ni donda la ukungu lililoingia kupitia jeraha. Haliponi, na vipandikizi vya mmea huo navyo visitumiwe.

Matumba kudondoka

Tumba la gadenia huchukua wiki nyingi tangu lianze hadi lichanue, na katika muda wote huo mmea huliacha likidondoka kwa sababu ndogo. Kubwa kuliko zote ni joto la usiku. Matumba huanza vizuri usiku unapokuwa kati ya nyuzi 15 na 18 za Selsiasi, na usiku unaozidi nyuzi 21 hivi huyafanya yaanguke. Usiku wa Januari na Februari jijini Dar es Salaam hukaa karibu na nyuzi 25, kwa hiyo tumba linalodondoka wakati huo halina ugonjwa. Kwa watu wa Pwani msimu wa kutegemea maua ni kipupwe na miezi inayokifuata, pale usiku unaposhuka hadi nyuzi 18 au 20. Katika kaskazi lengo liwe kuutunza mmea ubaki na majani mazima. Wapo wanaouingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi kila jioni na kuutoa asubuhi. Sishauri jambo hilo, kwa kuwa hewa ya kiyoyozi ni kavu na mabadiliko yenyewe ya kila siku ni sababu tosha ya matumba kuanguka.

Kuhamishwa ni sababu ya pili. Mmea uliotoka chini ya neti ya kivuli bustanini na kuletwa kwenye roshani yenye upepo utadondosha matumba yake karibu yote, na hapo muuzaji hana kosa. Uchague mahali pake siku ya kwanza na uuache hapo. Ni afadhali kununua ulio na matumba madogo mengi kuliko wenye maua mawili yaliyofunguka, kwa sababu hayo mawili ndiyo huenda yakawa ya mwisho kwa miezi. Pwani, pahali pazuri ni penye jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, kisha kivuli chepesi. Nairobi au Arusha mmea huvumilia jua la sehemu kubwa ya siku.

Udongo uliokauka kabisa hata mara moja huweza kuangusha matumba siku kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau kwamba alisafiri. Ikiwa umwagiliaji na mahali havina kasoro, gonga tumba moja lililokaribia kufunguka juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya rangi ya majani makavu vinavyotembea juu yake ni vithiripi, ambavyo hukwaruza petali zikiwa bado zimejikunja na kuziacha na michirizi ya kahawia. Kwa kuwa wadudu hawa hujificha ndani na dawa ya juu juu haiwafikii, kwanza ondoa matumba yaliyoharibika na uyachome au uyafunge kwenye mfuko, kisha pulizia mafuta ya mwarobaini jioni.

Majani mengi, maua hakuna

Mmea uliojaa majani mabichi na usiotoa tumba lolote umeshiba vibaya au hauoni jua. Samadi nyingi ya kuku ndiyo mkosaji wa kawaida, ukifuatiwa na urea. Acha nitrojeni kwa miezi miwili na utumie mbolea yenye potasi zaidi. Ndani ya nyumba, hata karibu na dirisha, mwanga kwa kawaida hautoshi. Sababu nyingine ni mkasi: gadenia ipogolewe mara maua yanapokwisha, kwani anayesubiri hadi mmea uonekane kichaka huondoa nchani kule kule ambako matumba yalikuwa yanaanza.

Masizi meusi na sisimizi

Utando mweusi unaofutika kwa kidole si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaodondoshwa na inzi weupe, vidukari, vidung'ata au wadudu magamba walio juu yake, na sisimizi wanaopanda shinani ndio wanaowalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu huo. Geuza majani uangalie upande wa chini na kwenye makutano ya vikonyo. Vidung'ata na magamba wakiwa wachache huondolewa kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Wakiwa wengi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, upulizie chini ya majani jioni, na usuuze asubuhi. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi. Usisahau kuzuia njia ya sisimizi, la sivyo kazi itaanza upya.

Vidoa vidogo vidogo vilivyopauka pamoja na utando mwembamba kama wa buibui ni kazi ya utitiri, ambao hupenda ukavu na vumbi. Kuusukuma kwa maji ya bomba yenye nguvu chini ya majani, mara mbili kwa wiki, kwa kawaida kunatosha.

Kingo za majani kuungua

Kingo na ncha za kahawia zilizokauka, hasa kwenye majani mazee, huonyesha chumvi. Huweza kutoka kwenye maji ya kisima, mbolea iliyotiwa kwenye udongo mkavu, au upepo wa bahari kwa wanaoishi ufukweni. Ukoko mweupe juu ya udongo unathibitisha. Mimina maji ya mvua polepole, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Jihadhari na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi: makumbi yanayofukiwa kwenye tope la pwani kwa ajili ya kusokotea kamba, kama inavyofanywa Zanzibar, hujaa chumvi ya bahari, na usumba wake uloweke na kuusuuza mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuutia chunguni. Ukisafishwa hivyo ni mzuri sana, nusu yake kwa nusu ya udongo wa msitu au wa shamba la chai, pamoja na mboji kidogo iliyoiva. Anayeweza kupata gunia la udongo kutoka Lushoto au Limuru amekwisha kujiepushia nusu ya yaliyoandikwa hapo juu.

Mabaka yaliyopauka katikati ya jani, upande mmoja tu wa mmea unaotazama jua, ni kuungua kwa jua la mchana, nayo hayasambai.

Ua jeupe linalogeuka rangi ya siagi baada ya siku chache na kisha manjano limezeeka tu. Likate pamoja na kikonyo chake, na maua ya msimu yakiisha punguza matawi marefu hapo hapo. Vipande vya urefu wa sentimita 10 hadi 15 ambavyo si laini wala si vigumu sana, vikiondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wa mto uliofunikwa kwa mfuko wa plastiki kivulini, hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa. Mchanga huo nao upimwe kwa siki kwanza.